Kichaka cha bogenvilia kilichogeuzwa mti: kisa cha nyumba moja Tanga

Kichaka chenyewe kilikuwa na kimo cha mita nne hivi, na upana uliozidi hapo. Kilisimama kati ya baraza na geti la nyumba moja mjini Tanga. Upande mmoja kimeulalia ukuta wa jirani, upande mwingine kimekula nusu ya njia ya kuingilia, hadi mgeni aliyevaa kanzu au baibui alilazimika kupita ubavu huku ameikusanya nguo mkononi. Ni bogenvilia ya zambarau iliyokolea, ya jamii ile yenye vinyweleo majanini na miiba mirefu iliyopinda nchani. Maua yalikuwepo, ila yote yalikuwa juu na upande wa barabarani. Wapita njia waliyafaidi, wenye nyumba wakabaki na miiba. Ukiinama na kuchungulia ndani ulikuta giza, vijiti vikavu vilivyosokotana, mifuko ya rambo ya kabla ya katazo la 2019, na lundo la majani ambalo hakuna aliyethubutu kulifikia kwa ufagio.

Watu watatu walikuwa na rai tatu. Bibi mwenye nyumba alitaka kivuli kibaki, lakini aweze kuketi barazani na kumwona anayebisha hodi getini. Mjukuu wake alitaka kikatwe kisiki: "Bibi, humo nyoka anaweza kulea watoto na sisi tusijue." Kijana anayekuja kusafisha bustani alitaka kukinyoa mraba kwa mkasi mkubwa wa kukatia michongoma, kifanane na vile vya mahotelini. Niliitwa kwa sababu ya ubishi huo, na nikaongeza rai ya nne: kisikatwe kisiki, kisinyolewe, bali kigeuzwe mti mdogo wenye mashina machache yanayoonekana na kichwa kilichoinuka juu ya usawa wa macho.

Rai ya mjukuu na ya kijana zinastahili kutazamwa kwanza, maana ndizo zinazofuatwa katika nyumba nyingi.

Kukata kisiki hakuiui bogenvilia, na hapo ndipo penye tatizo. Mmea huu una akiba ya kutosha mizizini na kwenye sehemu ya chini ya shina. Ukiukata usawa wa goti, mvua ya kwanza ikinyesha utatoa machipukizi kila upande wa kisiki, marefu na yenye miiba, yote yakikimbilia mwanga kwa pamoja. Misimu miwili ikipita una kichaka kilekile, tena kizito zaidi chini. Kilichopotea ni shina nene lililochukua miaka kujengeka, na anayetaka mti anataka hilo shina kuliko kitu kingine chochote. Majani yatakuja yenyewe. Kuhamisha nako tulikugusia tukakuacha: mizizi ya bogenvilia ni myembamba, hukatika ovyo, na mmea mkubwa ulionyanyuliwa mahali pake una nafasi kubwa ya kufa.

Kunyoa kuna balaa la aina nyingine. Mkasi wa michongoma hukata ncha zote kwa mstari mmoja, kila ncha iliyokatwa hujibu kwa vijiti viwili au vitatu, na ganda la nje linazidi kuwa zito. Mwanga hauingii, kwa hiyo majani ya ndani hufa. Zaidi ya hapo, bogenvilia huchanua kwenye vijiti vipya, hasa kuelekea nchani. Anayeinyoa kila mwezi anayakata maua kabla hayajatokea, kisha anawaambia watu kwamba mmea wake ni wa aina isiyochanua.

Sasa, kwa nini kilifika hapo? Kila aliyekitazama alisema kimetelekezwa. Mimi niliona kinyume chake. Kichaka kilikuwa na makovu ya panga kila mahali: mengine usawa wa kiuno, mengine usawa wa kifua, mengine juu ya kichwa cha mtu mzima, na juu ya kila kovu limeota shada la vijiti vinne au vitano. Maana yake kila mwaka kuna mtu alipita na panga, akafyeka kilichojitokeza njiani, akaenda zake.

Ncha ya kila tawi ina chipukizi linalotawala. Linatengeneza kichocheo kiitwacho oksini, ambacho huteremka ndani ya tawi na kuyazuia macho ya chini, yaani vinundu vinavyotoa vijiti vipya, yasiamke. Ukikata ncha, kizuizi kimeondoka, na macho yaliyo chini tu ya mkato yanaamka kwa pamoja. Tawi moja limekuwa manne. Mwakani panga likipita tena juu kidogo, manne yamekuwa kumi na mawili au zaidi. Kile kichaka kilijengwa na panga, mkato kwa mkato, na watu waliodhani wanakipunguza. Mkato wa aina ya pili, ule wa kuliondoa tawi zima kutoka linapoanzia bila kubakiza kijiti, hauleti vurugu hiyo, au unaileta kwa uchache, kwa sababu ncha za matawi yaliyobaki bado zinatawala. Kugeuza kichaka kuwa mti, kwa sehemu kubwa, ni kujua mkato upi utumike wapi.

Sababu ya pili tuliigundua kwa kufuata mfereji mdogo wa saruji. Ulitoka sehemu ya kuoshea vyombo nyuma ya jiko, ukazunguka kona ya nyumba, na kuishia kwenye mizizi ya bogenvilia. Maji yalimwagika hapo asubuhi, mchana na jioni, mwaka mzima. Juu yake, takataka za banda la kuku zilitupwa hapohapo kwa sababu ndipo pasipoonekana. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni pamoja na maji hukuza majani na fimbo ndefu zenye miiba. Bogenvilia huchanua vizuri ikibanwa: jua kali la saa sita au zaidi kwa siku, na udongo unaokauka kati ya maji na maji. Tanga iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo ukavu ndio unaouambia mmea kwamba wakati wa kuchanua umefika. Huu haukuwahi kukaukiwa.

"Kumbe tulikuwa tunaifuga, mwanangu," bibi akasema, akacheka. Siku hiyohiyo mjukuu alichimba na kuugeuza mfereji uelekee kwenye migomba. Ningesema hiyo ilikuwa nusu ya tiba, na haikuhitaji mkasi. Wengi hupogoa na kuuacha mfereji ulipo, kisha wanashangaa.

Kazi ya kukata ilianza Februari, kaskazi ikielekea ukingoni, maua ya kiangazi yameanza kupukutika na masika bado. Majeraha yanahitaji siku kavu za kufunga uso kabla mvua haijaja. Yakikaa mabichi katikati ya masika, kuvu huingia. Tena nguvu ya ukuaji inayoletwa na mvua za Machi hadi Mei ni vizuri ikute kazi imekwisha, iende kujenga kichwa kipya badala ya kulisha matawi utakayoyatupa. Ukisubiri hadi Juni ndipo uanze kazi kubwa, unaondoa vijiti ambavyo vingechanua wakati wa kusi. Februari ina ubaya wake mmoja, jua, na nitalirudia.

Kabla ya chochote tulitazama juu. Waya wa umeme unaotoka nguzoni kuja nyumbani ulipita juu ya kichaka, na vijiti viwili vitatu vilikuwa vimeukaribia. Hivyo havikuguswa, viliachiwa watu wa umeme wenyewe, na ngazi ya chuma ikarudishwa stoo. Halafu glavu za ngozi, shati la mikono mirefu, miwani, viatu vya kufunika. Mwiba wa bogenvilia huingia ndani na ncha yake hukatikia humo, na tundu dogo lenye udongo ndani yake ndiyo njia ya pepopunda, kwa hiyo anayefanya kazi hii awe na chanjo yake. Vifaa vilikuwa mkasi wa mkono wa kupogolea na msumeno mdogo wa kukunja, vyote vimefutwa kwa spiriti. Panga lilibaki ndani.

Tulianzia chini, na siku hiyo yote hatukugusa juu. Hapa nilibishana na kijana wa bustani kwa muda, maana mtu akiona kichaka kirefu mkono wake unakwenda kileleni. Lakini ukianza juu unakata bila kujua unachokikata kinatoka shina gani. Unaweza kuupunguza mti mzuri na kuuacha mbovu, ukaligundua hilo jioni. Chini ndiko kunakosomeka.

Vilivyokufa vilitangulia. Kujua ni rahisi: kwaruza gome kwa ukucha. Chini yake kukiwa na utando wa kijani wenye unyevu, tawi liko hai hata kama halina jani moja. Kukiwa na rangi ya kahawia na vumbi, limekufa. Vijiti vikavu vilikuwa vingi kuliko vibichi. Vilikatwa vipandevipande vya urefu wa mkono, kutoka nchani kurudi shinani, na kila kipande kikatolewa peke yake. Ukilikata tawi chini halafu ukalivuta lote, miiba yake iliyopinda inakamata matawi ishirini mengine, unayachubua yote, na mwisho linachomoka ghafla na kukujia usoni. Taka mbichi zilirundikwa nje ya geti, na mbuzi wa mtaani hawakukawia kufika. Mbuzi hula majani ya bogenvilia bila kujali miiba, na walitupunguzia mzigo kuliko mkokoteni.

Kufikia adhuhuri mashina yalionekana. Yalikuwa tisa. Mawili yalikuwa yamekufa, yakatolewa. Matatu yalikuwa membamba, unene wa kidole gumba, yameota pembeni kutoka mizizini. Nayo yakakatwa usawa wa ardhi. Yakabaki manne manene, na hapo ndipo uamuzi mgumu ulipokuwa.

Lililokuwa nene kuliko yote lilitoka kwenye shina kuu kwa kulala, likapita juu ya njia, kisha likainuka kuelekea barabarani. Ndilo lililobeba sehemu kubwa ya maua yaliyoonekana na wapita njia. Kijana alilipigania: huwezi kukata lililo kubwa ukaacha madogo. Nilichukua msumeno, nikaligonga kwa mpini kuanzia juu kushuka. Juu lilitoa mlio mkavu, mgumu. Karibu na chini, chini ya kovu pana la panga la zamani lililoachwa na kijiti cha urefu wa kiganja, mlio ukabadilika ukawa wa kitu kitupu. Tukayakwanyua yale mabaki ya kijiti: mti wake ulikuwa laini, wa rangi ya chai, na sisimizi wakatoka wamebeba mayai yao. Kijiti kilichoachwa hakina majani ya kukilisha, kwa hiyo kilikufa, kikaoza, na uozo ukateremka hadi moyo wa shina. Tanga kuna mchwa wa kutosha. Shina lenye uwazi lililolala juu ya njia wanayopita watoto halina mjadala. Likatolewa.

Kwa kuliondoa hilo, karibu theluthi ya majani yote yaliyokuwa hai ilikwenda. Hapo ndipo pa kusimama. Bogenvilia haitakufa kwa kukatwa zaidi ya hapo, lakini mizizi iliyozoea kulisha mti mzima ikibaki na majani machache husukuma machipukizi ya pupa kila mahali, na unarudi kule kwenye kichaka.

Matatu yaliyosalia yalifaa: yote mazima kwa mlio, yametoka sehemu moja kwa kutawanyika, na yamepanda juu zaidi ya kulala. Mawili yalikuwa yanakutana na kusuguana mita moja na nusu kutoka chini. Nililiona hilo, nikaliacha kwa wakati huo kwa sababu ya hesabu ya theluthi.

Namna ya kukata shina nene ina utaratibu wake na si wa kupuuzwa. Mkato wa kwanza ni wa chini ya tawi, kama shibiri moja kutoka shinani, uingie robo ya unene. Wa pili ni wa juu, mbele kidogo ya huo, hadi tawi lianguke. Uzito umeondoka, sasa unakata kile kipande kilichobaki kwa utulivu. Ukikata moja kwa moja kutoka juu, tawi linaanguka kabla halijakatika na kuchuna gome la shina hadi chini. Mkato wa mwisho hauendi bapa na shina, wala hauachi kijiti. Tazama pale tawi linapotoka: kuna uvimbe mdogo unaolizunguka, wenye mikunjo upande wa juu. Kata nje tu ya uvimbe huo. Humo ndimo mti unamotoa gome jipya la kuziba kidonda.

Kijana alikuwa ameshaleta kopo la oili chafu kupaka vidonda. Ni desturi ya muda mrefu huku; oili chafu hupakwa nguzo dhidi ya mchwa, kwa nini isipakwe mti? Nguzo imekufa, mti uko hai. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, alitumia miaka mingi ya karne iliyopita akipasua magogo kwa maelfu kwa urefu wake ili aone vidonda vinavyokuwa ndani. Alionyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi ya mtu. Hujenga kuta ndani kuutenga uozo, kisha hukua juu yake. Rangi, lami na oili havisaidii kuta hizo, na huweza kufungia unyevu ndani. Kopo likarudi stoo pamoja na ngazi. Mkato msafi mahali panapostahili, na hewa, vinatosha.

Kichwa kianzie wapi? Swali hilo nililipeleka barazani. Bibi aliketi kwenye kiti chake cha siku zote, mjukuu akasimama getini ameshika kitasa, nami nikaanza kuondoa matawi ya pembeni kutoka chini kupanda, moja baada ya jingine, kila mara nikigeuka kumtazama.

"Namwona miguu tu."

Tawi jingine.

"Sasa namwona hadi shingo. Kichwa hana."

"Na sasa, bibi?"

"Basi, hapohapo mwanangu. Usiniue jua."

Upande wa baraza kichwa kikaanzia mita moja na nusu hivi, upande wa njia tukakipandisha zaidi ya mita mbili ili mwiba usimfikie mtu usoni. Kutolingana huko hakuonekani ukiwa mbali, na kungeonekana kusingenisumbua. Kipimo ninachokilinda ni kingine: walau nusu ya kimo kibaki na majani. Mti wa mita nne ukiachiwa mashina matupu mita tatu na kishada juu utayumba kwa upepo wa kusi na kuonekana ufagio uliosimamishwa.

Turudi kwenye jua. Magome yaliyoishi gizani miaka yote hayajazoea mwale wa moja kwa moja, na Februari na Machi hapa jua la mchana liko karibu utosini. Upande wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri wakati hewa imekwisha kupata joto, gome hubabuka na kupasuka. Dawa yake inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi: chokaa. Ilikorogwa nyepesi kwa maji ikapakwa mashina yote matatu, nzito kidogo upande wa magharibi. Watu hupaka miti chokaa kwa ajili ya sherehe na wageni wakubwa. Hapa ilikuwa na kazi. Masika iliiosha, lakini kufikia hapo kichwa kilikuwa kimeshatupa kivuli chake chenyewe.

Shina moja liliinama baada ya wenzake kuondolewa, maana miaka yote lilikuwa limewaegemea. Hilo ni la asili. Mmea huu umetoka Amerika ya Kusini. Mfaransa Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea, aliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767 akiwa katika msafara wa Louis-Antoine de Bougainville, ambaye jina lake ndilo lililobaki. Huko kwao ni mmea wa kuparamia: hurusha fimbo juu ya miti mingine na kujishikiza kwa miiba. Haukuumbwa kusimama peke yake, kwa hiyo ukiutaka usimame lazima uupe mwega kwa muda. Tuliuchomekea mti wa mkonge, ule unaochomoza katikati ya mkonge ukizeeka, maana Tanga hauna gharama, tukafunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kwa mzunguko wa namba nane ili shina lisisuguliwe na mti wala kukabwa likinenepa.

Masika ilipoingia, kazi ikabadilika ikawa ndogo na ya mara kwa mara. Machipukizi yalitoka kwenye mizizi, kwenye vidonda, na katikati ya mashina yaliyo wazi. Yakiwa na urefu wa kidole ni mekundu kidogo, laini, na mwiba wake unapinda ukiugusa. Wakati huo hayahitaji mkasi. Unayasukuma pembeni kwa kidole gumba yanabanduka na kitako chake, na jicho lililoyatoa linaondoka nayo. Yakiachwa wiki kadhaa yanakuwa fimbo ngumu, unalazimika kuyakata, na chini ya mkato yanatoka mengine mawili. Samaki mkunje angali mbichi. Kazi hii alipewa mjukuu, yule aliyetaka kisiki, na aliifanya akienda kumwaga taka asubuhi. Sijui dawa nyingine ya kuuweka mti usirudi kichaka zaidi ya mtu anayepita hapo kila siku mwenye kidole gumba.

Juu, hadithi ni tofauti. Mvua zilipopungua, fimbo ndefu za kichwani zilikatwa ncha, kila moja ibakiziwe macho matatu au manne, mkato ukiwa juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Ni mkato uleule nilioulaumu mwanzoni, ule unaoamsha vijiti vingi. Kichwani ndiko unakotakiwa: vijiti vingi vifupi vinakuwa tawi zito la kivuli, na kila kijiti kipya ni mahali pa maua. Panga la miaka iliyopita lilifanya kazi hiihii, ila liliifanya kiunoni na kifuani.

Mfereji ulikuwa umeshahama, samadi haikutupwa tena, kusi ikakausha udongo. Maua yalikuja kidogo kidogo, yakaanzia upande wa baraza safari hii, kwa kuwa ndiko mwanga ulikoingia. Ukiyatazama kwa karibu, zile karatasi tatu za zambarau ni majani yaliyobadilika, na ua lenyewe ni kibomba chembamba cha rangi ya maziwa katikati yake. Ndiyo maana rangi hukaa muda mrefu: jani halina haraka ya kunyauka kama ua. Upande wa ukuta wa jirani kuna tundu bado. Matawi ya huko yaliishi bila mwanga kwa miaka mingi, yakakauka hadi shinani, na hapakuwa na jicho hai la kuanzia. Nimepitisha fimbo moja ya kichwani upande huo na kuifunga kwa kamba ya katani ielekee kwenye uwazi. Itachukua misimu.

Linalobaki ni yale mashina mawili yanayosuguana. Pale yanapokutana gome la yote mawili limeshalika na kubaki laini, na kila kusi ikivuma kidonda kinafunguka upya. Bibi anayapenda yote matatu, anasema yamesimama vizuri. Mjukuu anataka la ndani litoke sasa. Mimi niko upande wa mjukuu kwa jambo, si kwa wakati: la ndani litoke Februari ijayo, masika bado, kwa sharti kwamba vichwa vya yale mawili ya nje viwe vimekutana juu ya baraza. Kama havijakutana, fimbo zake zifupishwe nusu ili lipungue uzito na kuyumba, lisubiri mwaka mmoja zaidi.